Vinyago vya wanyama Changamwe: mgeuze ndovu miguu juu kabla hujalipa

Mng'aro usikudanganye. Rangi ya viatu ikisuguliwa vizuri humfanya ndovu wa mwembe afanane na wa mpingo. Kwa hiyo ukifika karakana ya ushirika wa wachongaji wa Akamba, Changamwe mjini Mombasa, uliopo tangu 1963, dukani ingia mwisho. Anzia mabandani, kwenye shoka na tezo, uuone mti kabla haujapakwa kitu.

Mpingo wa kweli huzama majini: mita moja ya ujazo ina kilo 1,200 hivi, maji ni 1,000. Sugua tumbo la mnyama kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheusi, unalipia rangi. Muhugu, mti mwingine wa kuchongea, unanukia vizuri na unadumu, ila hukua polepole mno na umekatwa sana katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Sisi tunapendekeza mwarubaini. Hukua haraka, Pwani umejaa, na nyuzi zake hupendeza zikipigwa msasa namba 240.

Tatizo la mwarubaini ni kuchongwa ungali mbichi, kwa sababu ndipo tezo inapoingia kirahisi. Unyevu wa Mombasa huficha kosa hilo. Mpeleke mnyama Nairobi, au kwenye chumba chenye eisii, nje hukauka kabla ya ndani, naye hupasuka. Mgeuze uangalie nyayo: ukiona miviringo imezunguka kitone kimoja, kiini cha mti kimo ndani, na ufa mara nyingi huanzia hapo. Mulika tochi ya simu katikati ya miguu pia. Mstari uliofifia unaokatiza nyuzi ni ufa uliozibwa kwa gundi na unga wa mbao. Vitundu vidogo vinavyomwaga unga ni kazi ya bungua, mdudu mla mbao; mnyama huyo mwache.

Ndovu na viboko ndio kazi bora ya hapa, miili yao minene inauheshimu mti. Twiga anahitaji jicho kali zaidi. Nyuzi lazima zishuke wima kutoka shingoni hadi kwatoni; aliyegeuza kichwa nyuma nyuzi hukatika kooni, na hapo ndipo anapovunjika akianguka.

Umbo nalo lina ukweli wake. Mgongo wa ndovu wetu hubonyea katikati. Ukiona umetuna, aliyeigwa ni ndovu wa Asia. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kushikia majani ya vichaka, mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi. Vifaru wengi wa rafuni wamepewa mdomo wa ng'ombe. Inaumiza, maana patasi mbili tatu zaidi zingetosha.

Ukimpata mzuri lakini mzito na baridi kupita kiasi, bado ana maji. Mnunue, umfunge kwa gazeti ndani ya katoni wiki sita, gazeti ukilibadilisha kila likilowa. Kisha mpake nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa, ukianzia nyayoni.