Filta ya mafuta kwa pikipiki ya kabureta: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ingia duka lolote la spea Kariakoo useme unataka filta ya mafuta ya pikipiki. Utawekewa mezani za kila aina: nyeupe za plastiki, zenye sumaku, za kioo zenye vichwa vya kung'aa, hata za magari. Muuzaji atakwambia zote zinaingia. Kwenye mpira zinaingia kweli, ila cha kujiuliza ni kama petroli itapita.

Maneno haya ni kwa wenye Boxer, TVS HLX, SanLG na nyinginezo zenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) isiyo na pampu. Kama pikipiki yako ni ya injeksheni, hayakuhusu, na ukiyafuata utaharibu.

Kwenye pikipiki ya kabureta, kinachosukuma petroli kutoka tangini ni uzito wa petroli yenyewe. Tangi likikaribia rizevu, msukumo huo nao unapungua. Ndiyo maana filta inayochuja laini mno huanza kuikaba pikipiki mlimani, abiria wawili nyuma, huku dereva akiisingizia plagi.

Basi ilainike kiasi gani? Angalia jeti, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Katika kabureta za Keihin, jeti kubwa ya namba 100 ina tundu la karibu milimita 1, na jeti ndogo ya namba 38 ina milimita 0.38. Wavu wenye vitundu vya milimita 0.1 unatosha kuzuia karibu kila punje ya kuziba jeti hizo. Unaopita ni unga wa kutu, ambao hutua chini ya bakuli la kabureta, na mara nyingine hukaa kwenye sindano ya flota, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, kabureta ikaanza kumwaga mafuta hata injini ikiwa imezimwa. Tangi lako likiwa na kutu, kumbuka hilo unaposoma kuhusu filta za karatasi.

Ninayoiweka ya kwanza ni ile ndogo ya plastiki angavu yenye wavu wa nailoni na midomo ya milimita 6. Mara nyingi bei yake haizidi lita moja ya petroli, inapitisha vizuri, na uchafu unauona bila kufungua kitu. Ishike kwenye mwanga kabla hujalipa: mshono wa katikati uwe umejaa sawasawa, wavu usiwe umeachia pembeni. Puliza kwa mdomo upande wa kuingilia. Pumzi ipite bila kukaza mashavu. Mshale wa kuonyesha mwelekeo usipokuwepo si kosa kubwa kwa filta ya wavu, lakini kwa ya karatasi usinunue bila mshale.

Ya pili ni hiyo ya karatasi iliyokunjwakunjwa, mradi iwe na tumbo pana. Inakamata ule unga wa kutu ambao nailoni inauachia. Adui yake ni maji. Karatasi ikilowa maji inavimba, na hapo petroli inapita kwa shida ingawa kwa macho filta ni safi. Kwa anayelaza pikipiki nje msimu wa masika, mfuniko wa tangi ukiwa na mpira uliochoka, nailoni ni salama zaidi.

Za alumini zenye wavu wa chuma au kipande cha shaba ya chembechembe ndani nimeziweka ya tatu. Zinaoshwa na kudumu, ila huoni ndani, na ile shaba uchafu ukishaingia katikati yake hautoki kwa kusuuza. Inataka upepo wa kompresa upulizwe kinyume na mwelekeo wa mafuta. Nani atafanya hivyo kila mara?

Za kioo ni urembo. Zina oringi pande zote mbili zinazokauka kwa joto la injini, na kioo kikigongwa na jiwe una petroli juu ya silinda ya moto. Sumaku nayo isikuongezee bei: inanasa vipande vya chuma, lakini kutu ya kahawia haiinasi vizuri, na mchanga haiushiki kabisa. Filta ya gari la injeksheni usiipokee hata bure. Imetengenezwa kusukumiwa mafuta na pampu yenye nguvu.

Kabla ya kufunga filta yoyote, ng'oa koki, ile swichi ya petroli chini ya tangi, uangalie kichujio chake kinachosimama ndani ya tangi. Hicho ndicho filta ya kwanza, na wengi hawajawahi kukiona. Pikipiki nyingi za muundo wa Honda CG 125 zina pia kikombe kidogo chini ya koki. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanatua humo, kifungue ukimwage.

Sasa kufunga. Injini iwe imepoa, sigara iwe mbali. Mpira wa kiwandani ni mfupi, ukiukata na kuchomeka filta bila kupunguza kitu utapata mkunjo, na mkunjo unakaba kuliko uchafu. Kata kipande cha katikati kinacholingana na tumbo la filta, au nunua mpira mpya wa petroli. Mipira angavu ya maji usiitumie. Petroli inaikausha inakuwa kama mfupa na kupasuka kwenye klipu. Filta ilale kwa mteremko kuelekea kabureta, isiguse silinda wala ekzosi, na kusiwe na sehemu ya mpira inayopanda juu kisha kushuka, kwa sababu hewa hujificha hapo. Klipu nne, moja kila ncha ya mpira. Usifunge filta mbili mfululizo ukidhani umeongeza ulinzi.

Kisha ipime. Subiri tangi likaribie rizevu, chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya nusu lita na ufungue koki. Pikipiki inayokwenda kilometa 80 kwa saa na kutembea kilometa 30 kwa lita hutumia karibu mililita 44 kwa dakika. Chupa ikijaa ndani ya dakika tatu, una zaidi ya mara tatu ya hitaji hilo. Ikichukua dakika saba au nane, rudisha filta dukani. Jaribu kwanza kufungua mfuniko wa tangi, maana tundu lake la hewa likiziba dalili ni zilezile.

Na usishtuke ukiona filta imejaa nusu tu wakati injini inanguruma vizuri. Hewa kidogo juu ni kawaida. Ibadilishe ukiona wavu umegeuka kahawia, au pikipiki inakata ukivuta mafuta mengi na kupona ukiiacha itulie dakika chache.

Jenereta ndogo na mashine za kukata nyasi zenye tangi juu zinafuata haya yote. Magari ya zamani ya kabureta yana pampu ya mafuta, hivyo ya karatasi yenye midomo ya milimita 8 inawafaa bila wasiwasi.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inapita kwenye filta zote nilizozitaja. Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji (EWURA) ilianza mwaka 2010 kusimamia uwekaji wa vinasaba, yaani alama maalumu za utambuzi, kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji, lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara haina wa kuipima. Moshi ukianza kuwa mzito na plagi inaota masizi baada ya kujaza mahali fulani, hama kituo.