Uzoefu wangu na cron: nakala za duka zinajichukua zenyewe usiku

Natunza kompyuta ya duka la vipuri, ni ya Linux, na kila siku mauzo lazima yachukuliwe nakala rudufu duka likishafungwa. Kazi hiyo nimemwachia cron, programu inayoendesha amri yenyewe kwa saa uliyoipanga, na sijaona programu ndogo ninayoiamini kuliko hii. Ni ya siku nyingi: ilikuwemo ndani ya Unix (mfumo wa kompyuta ambao Linux iliuiga) toleo la 7 la mwaka 1979, na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987 ndiyo iliyoenea kwenye Linux.

Unafungua ratiba ya cron kwa amri crontab -e, unaandika mstari mmoja tu:

30 20 * * * /home/duka/nakala.sh >> /home/duka/nakala.log 2>&1

Mwanzo ni dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma; nyota maana yake ni "kila". Kisha inafuata skripti, yaani faili la amri za kuchukua nakala. Hiyo 30 20 ni saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu. Kama seva umeikodi na inafuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), toa saa tatu, uandike 17 badala ya 20. Na 2>&1 usiiache, maana ndiyo inayopeleka ujumbe wa makosa kwenye logi, lile faili la nakala.log; asubuhi nikifika naisoma kwanza hiyo.

Kinachosumbua wengi ni skripti inayokwenda vizuri kwa mkono halafu inagoma usiku. Cron haisomi mipangilio ya teminali yako, na PATH yake, yaani orodha ya folda inamotafuta programu, ni fupi sana. Taja njia nzima: kwa mfano /usr/bin/mysqldump (programu ya kunakili hifadhidata ya MySQL), si mysqldump peke yake. Tarehe ya jina la faili nayo iweke ndani ya skripti, kwa sababu alama ya % kwenye crontab huhesabiwa kuwa mwanzo wa mstari mpya.

Kasoro yake kubwa kwetu ni umeme. Ukikatika saa mbili na nusu, nakala ya siku hiyo imepita. Cron hairudi nyuma kufidia. Kwa mashine inayozimika ovyo ningechagua taima ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) yenye Persistent=true, au anacron; zote mbili hufidia kazi iliyopitwa mashine ikishawaka. Kwa seva isiyozimwa sioni haja ya kuhama.

Jambo jingine: crontab -r hufuta ratiba yote bila kuuliza, na herufi r iko jirani kabisa na e kwenye kibodi. Kabla hujagusa chochote, nakili ratiba yako kwenye faili: andika crontab -l > ratiba.txt, na faili hilo ulihifadhi kwenye mashine nyingine.