Uzoefu wangu: MikroTik hEX kama lango la PPPoE la hosteli ya wanafunzi

Kama una hosteli, jengo la kupangisha au mtaa wenye wateja mia moja hivi, MikroTik hEX, rauta ndogo ya modeli RB750Gr3, inatosha kabisa kuwa lango lako la mtandao kwa PPPoE, yaani njia ya kila mteja kuunganishwa kwa jina na neno lake la siri. Naitumia kwenye hosteli ya wanafunzi hapa Morogoro, ambako kila chumba kina jina lake la kuingilia, kasi yake na siku yake ya kuisha kifurushi. Ila naipendekeza kwa sharti moja: yenyewe ibaki kulinda mlango tu, na orodha ya wateja pamoja na hesabu zao zikae kwenye seva nyingine.

Nianze na leseni, maana ndipo wengi wanapokwama wakiwa wameshanunua. hEX inakuja na RouterOS, mfumo endeshi wa MikroTik, ya Level 4. Leseni hiyo inaruhusu wateja 200 wa PPPoE kwa wakati mmoja, na 200 wa hotspot, yaani wanaoingia kupitia ukurasa wa kivinjari. Hapo hakuna shida. Lakini User Manager, programu ya MikroTik yenyewe ya kutunza wateja na vocha, kwa Level 4 inakubali watu 20 tu waliomo kwa wakati mmoja. Utasikia User Manager ikisifiwa dukani, hiyo 20 huisikii. Ukijumlisha na kwamba hifadhi ya ndani ni MB 16 na RAM ni MB 256, unaona wazi kuwa hiki si kifaa cha kubebeshwa kumbukumbu za miezi.

Kwa hiyo pembeni yake nimeweka kompyuta ndogo yenye Debian (mfumo endeshi), FreeRADIUS (programu ya kuthibitisha wateja kwa itifaki ya RADIUS) na MariaDB (hifadhidata). Mteja anapiga PPPoE, hEX inapokea jina na neno la siri, inaiuliza seva kupitia poti 1812, seva inajibu ndiyo au hapana pamoja na kasi ya kumpa, kisha matumizi yanaripotiwa kupitia poti 1813. RADIUS ilianzia kwenye kampuni ya Livingston mwaka 1991, enzi za modemu za simu, na maelezo yake rasmi ya mwaka 2000, RFC 2865, ndiyo tunayoyafuata mpaka leo. Faida ninayoithamini kuliko zote ni hii: hEX ikipigwa na radi, nafunga nyingine, narudisha mipangilio, na hakuna mteja hata mmoja aliyepotea.

Kazi ya kufunga ni fupi. Kwenye menyu ya RADIUS ya hEX unaandika anwani ya seva na neno la siri la pamoja, unatiki ppp. Kwenye PPP, sehemu ya Secrets, kuna kitufe cha PPP Authentication & Accounting; tiki Use Radius na Accounting, na Interim Update, taarifa ya matumizi inayotumwa kila baada ya muda, iweke dakika 5. Upande wa seva, anwani ya hEX lazima iwemo kwenye clients.conf, faili la FreeRADIUS linaloorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa kuiuliza. Isipokuwemo, hEX itaandika "radius timeout" tu, na utahangaika kubadilisha nyaya bure. Simamisha huduma, endesha freeradius -X, mwombe mtu wa chumba kimoja ajaribu kuingia, usome kinachopita. Ukiona "unknown client" ikifuatwa na anwani, jibu umelipata: ombi limefika, ila seva haimjui aliyelileta. Naupenda sana ukaguzi huu, kwa sababu kila uamuzi unauona kwa macho hadi Access-Accept (amekubaliwa) au Access-Reject (amekataliwa).

Sasa kasi. Hosteli ilikuwa tayari na hEX kabla sijaitwa, na kilio cha wapangaji kilikuwa kwamba chumba kimoja kikianza kupakua, wengine wote wanakwama. Foleni za kasi zilikuwepo, kila chumba na Mbps zake, zimeandikwa vizuri, na hazikumzuia mtu. Sababu ilikuwa FastTrack. Mipangilio ya kiwandani ya kifaa hiki inakuja na kanuni ya fayawoli inayopitisha njia ya mkato paketi za miunganisho iliyokwisha kubaliwa, ili CPU isilemewe. Nyumbani ni jambo jema. Kwenye lango la wateja wanaolipa ni balaa, maana njia hiyo ya mkato inaziruka foleni za kasi pia. Nilizima kanuni hiyo moja tu, na foleni zikaanza kufanya kazi saa hiyo hiyo. CPU ilipanda, ndiyo, lakini kwa laini ya 100 Mbps haijawahi kunitia wasiwasi hata usiku wanafunzi wote wakiwa ndani.

Ukitumia RADIUS huhitaji kuandika foleni kwa mkono. Seva inarudisha sifa iitwayo Mikrotik-Rate-Limit na hEX inatengeneza foleni mteja anapoingia. Angalia tu mpangilio wa namba. Zimeandikwa kwa mtazamo wa rauta: ya kwanza ni kinachoingia kwenye rauta, yaani kile mteja anachopakia. Aliyenunua 5 Mbps za kupakua na 2 za kupakia anaandikwa 2M/5M. Ukigeuza, utapokea simu za watu wanaoona video zinakatakata huku kutuma picha kunaenda kasi.

Kuhusu MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi moja, PPPoE inakula baiti 8, kwa hiyo badala ya 1500 unabaki na 1492. Acha Change TCP MSS, inayopunguza vipande vya data vitoshe humo, ikiwa yes kwenye profaili ya PPP, usije ukakuta WhatsApp inafunguka na kurasa nyingine zinagoma katikati.

Kilichonipa kazi kuliko yote ni umeme. Ukikatika, hEX inazima bila kuaga, na seva haipati taarifa kwamba wateja wametoka. Kwenye radacct, jedwali la hifadhidata linalotunza vikao, vikao vyao vinabaki wazi, safu ya acctstoptime (saa ya kutoka) ikiwa tupu. Umeme ukirudi, vyumba vyote vinapiga PPPoE kwa mkupuo. Kama umeweka Simultaneous-Use (idadi ya vikao kwa jina moja kwa wakati mmoja) kuwa 1 ili watu wasigawiane maneno ya siri, seva inawakatalia wenye haki, kwa kuwa kwenye vitabu vyake bado wamo ndani. Mwanafunzi amelipa jana, neno la siri ni lile lile, na anaambiwa hapana. Inauma, kwa sababu ana mtihani na fedha ametoa. Nimeweka kazi ya cron, amri inayojiendesha yenyewe kila baada ya muda, inayofunga kila kikao ambacho acctupdatetime yake (saa ya taarifa ya mwisho) imepitwa na dakika 15 bila taarifa mpya, na ndiyo maana Interim Update lazima iwepo: bila hiyo huwezi kumtofautisha aliyezimika na anayeendelea kutumia.

Bora zaidi ni kutoiacha izime. hEX inapokea umeme wa DC kuanzia volti 8 hadi 30, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye chaja yake inailisha moja kwa moja bila inverter. Na usisahau saa. Kifaa hakina betri ya kutunza saa; kikiwaka kinaweza kurudi mwaka 1970 hadi kipate saa sahihi, na vikao vinavyoanza kabla ya hapo vinaingia kwenye kumbukumbu na tarehe hiyo ya 1970. Elekeza NTP, itifaki ya kuulizia saa, kwenye ile kompyuta ya pembeni, ili saa ipatikane hata kabla laini ya nje haijarudi.

Usalama hauna mjadala. Mwaka 2018 kasoro ya Winbox (programu ya kusimamia rauta za MikroTik), CVE-2018-14847, iliwawezesha wavamizi kusoma maneno ya siri ya rauta zilizoachwa wazi kwenye intaneti, na marekebisho yalikuwa yametoka Aprili mwaka huo huo. Walioumia baadaye ni wale ambao hawakusasisha. Funga poti 8291, ya Winbox, kwa upande wa nje, ingia kupitia VPN, sasisha RouterOS.

Kama wateja wako wanatumia simu moja kwa moja bila rauta chumbani, PPPoE haitawafaa. Watahitaji hotspot, na huko jiandae, kwa sababu Android kuanzia toleo la 10 na iOS kuanzia la 14 hutumia anwani za MAC (namba za utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) za kubuni, hivyo kumtambua mteja kwa MAC peke yake ni kujitafutia kesi. Tumia jina na neno la siri au vocha.

Ukikaribia wateja 200, usikamue zaidi. Nunua kifaa chenye Level 5, kinachokubali 500, au Level 6 isiyo na ukomo, uelekeze kwenye seva ile ile ya RADIUS. Kwa upande wa seva utaongeza mistari michache tu kwenye clients.conf, na wateja hawatabadilisha chochote.