Tahadhari: Duka linalofunga matairi yasiyolingana na gari, kisha kuyajaza upepo kupita kiasi

Ndugu wenye magari, nawatahadharisha kuhusu duka moja la matairi hapa Dar es Salaam linalouza matairi yasiyolingana na gari la mteja, kisha kuificha kasoro hiyo kwa upepo.

Gari langu ni Corolla iliyokuwa na matairi ya saizi 195/65R15 (195 ni upana kwa milimita) yenye namba ya uzito 91, maana yake kila moja hubeba hadi kilo 615. Muuzaji alinifungia 185/65R15 yenye namba ya uzito 88, ambayo mwisho wake ni kilo 560, wala hakunieleza chochote. Nilipolalamika kwamba gari linadundadunda, fundi wake alijibu kuwa tairi jembamba hufidiwa kwa upepo, akanionyesha "51 psi" (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na kudai kwamba hicho ndicho kipimo cha kiwandani.

Huo ni uongo. Namba ya ubavuni ni kikomo kisichopaswa kuvukwa, ilhali kipimo cha kujazia hutolewa na mtengenezaji wa gari na hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwangu ni kPa 230, takribani psi 33. Kibandiko cha gari lililotoka Japani aghalabu huwa cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka, na kila kPa 100 ni psi 14.5. Ni kweli kwamba upepo ukiongezwa tairi hubeba zaidi, ila tairi la kawaida hufika mwisho wa uwezo wake kwenye takribani psi 36. Ukilijaza hadi 50 huongezi hata kilo moja. Unapunguza tu sehemu inayokanyaga lami, tairi linalika katikati, na gari linateleza kwa urahisi mvua ikinyesha.

Pale pale hulazimisha pia kujaza matairi naitrojeni ya kulipia, wakati hewa ya bure ina asilimia 78 ya gesi hiyohiyo.

Kabla ya kulipa, linganisheni saizi na kibandiko, hakikisheni namba ya uzito haijashuka, na someni tarakimu nne za mwisho za DOT, yaani msimbo wa ubavuni unaoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa halijatembea.

Nimedai kubadilishiwa, muuzaji amekataa kwa hoja kwamba matairi yameshatumika. Atakayelazimika kununua pale adai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye saizi kamili na namba ya uzito, kwa sababu yangu imeandikwa "tairi nne" tu, na hapo ndipo anapojifichia.