Seti ya taimingi ya Gates kwa Toyota 5S-FE: inafaa nini mkanda ukishakatika

Injini ya 5S-FE, ile ya lita 2.2 iliyofungwa kwenye Toyota Camry za 1992 hadi 2001, ina sifa moja inayomwokoa mwenye gari: mkanda wa taimingi (unaounganisha kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayofungua valvu) ukikatika, pistoni hazizifikii valvu. Kamshafti inasimama, gari linazimika papo hapo, basi. Silinda hedi haiguswi. Unavua mkanda uliokatika, unafunga mwingine, safari inaendelea. Kwa sababu hiyo seti hii ya kampuni ya Gates tunaipima kwa swali moja tu: je, ina kila kitu cha kumaliza kazi ili usilazimike kurudi ndani ya kava baada ya miezi michache?

Jibu ni karibu kila kitu. Tunaipa nyota 4 kati ya 5.

Ndani ya boksi kuna mkanda, puli mbili (ile ya kukazia na ile ya kuongozea) na pampu ya maji pamoja na gasketi yake. Hizo ndizo sehemu zinazochakaa kwa pamoja, na mara nyingi ndizo zinazoua mkanda. Pampu ya 5S-FE inazungushwa na mkanda huu huu wa taimingi, kwa hiyo beringi yake ikikwama, mkanda mpya utanyofoka meno hata kama umefungwa kwa ustadi gani. Anayenunua mkanda peke yake kwa sababu ndio uliokatika anatibu jeraha na kuuacha mwiba ndani.

Kabla ya kuagiza, hakikisha kweli ni mkanda. Stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, mlio ni mmoja usiopanda wala kushuka, maana hakuna silinda inayobana hewa. Kwa magari yenye distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi, kinachozungushwa na kamshafti), yaani ya hadi 1996, fungua kifuniko chake na mwambie mtu apige stata. Rota isipozunguka, kamshafti haipati mwendo. Kwa yale ya 1997 na kuendelea, ambayo hayana distribyuta, legeza kava ya juu ya taimingi na utazame puli ya kamshafti kwa macho. Usidanganywe na mkanda unaoonekana mzima kwa juu: meno yanaweza kuwa yamefutika chini, pale kwenye puli ya kranki, na mkanda ukabaki umekaa tu.

Tahadhari: haya ni ya 5S-FE. Subaru EJ25, Mitsubishi 4G63, Honda za D-series na dizeli karibu zote zina pistoni zinazogonga valvu mkanda ukikatika. Kwa injini hizo usipige stata tena, wala usinunue seti yoyote kabla ya kupima kila silinda kwa hewa ya kompresa valvu zake zikiwa zimefungwa. Hewa ikitokea kwenye njia ya hewa au kwenye ekzosi, valvu imepinda na hedi lazima ishuke. Kufunga seti mpya juu ya valvu zilizopinda ni kutupa pesa.

Kabla ya kutupa mkanda wa zamani, usome. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha, na hapa ndipo chanzo kilipo. Mkanda uliokatika kwa mstari ulionyooka, kana kwamba umekatwa kwa kisu, kwa kawaida ulikunjwa kabla ya kufungwa, na nyuzi za ndani zikavunjika siku hiyo hiyo. Meno yaliyong'oka sehemu moja yanaonyesha kuna kitu kilikwama: pampu, puli au kamshafti yenyewe. Ukingo uliochakaa na kutoa nyuzi unasema puli imekaa upande au beringi yake imelegea. Raba iliyovimba, laini, inayoteleza vidoleni, imekunywa oili au maji ya radieta. Na mgongo wenye nyufa nyingi ndogo ni umri tu, umepita muda wake. Toyota nyingi za zamani huhesabiwa kilomita 100,000 hivi, lakini raba huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Hiyo habari ya oili ndiyo inayoipunguzia seti nyota. Oili sili, yaani pete za raba zinazozuia oili kuvuja kwenye shafti, hazimo. Utahitaji kununua pembeni sili ya mbele ya kranki, sili ya kamshafti, sili ya oili pampu, na oringi (pete nyembamba ya raba) ya oili pampu. Oili pampu ya injini hii inazungushwa na mkanda wa taimingi na iko chini kabisa, kwa hiyo inapovuja, mkanda ndio unaolowa kwanza. Kufunga mkanda mpya chini ya sili iliyokakamaa ni kuuanza upya ugonjwa ule ule. Mtengenezaji angeweza kuziongeza kwenye boksi bila shida, na tunaona ni upungufu wa kweli.

Ubora wa vilivyomo ni mzuri. Shika puli mpya kwa ndani na uizungushe kwa kidole: inapaswa kwenda kwa uzito kidogo, kimya, na kusimama mapema kwa sababu grisi ni mpya. Inayozunguka kama gurudumu la baiskeli au inayokwaruza, irudishe dukani. Maandishi kwenye mgongo wa mkanda yawe safi, na idadi ya meno ilingane na ya ule wa zamani. Uhesabu hata kama umekatika, ndiyo kinga rahisi dhidi ya mkanda usio wake. Agiza kwa jina la injini, yaani 5S-FE, usiagize kwa jina la gari, maana Camry za miaka hiyo zilikuja pia na V6 ambayo mkanda wake ni tofauti kabisa.

Kufunga si kazi ngumu, ila ina sehemu tatu zinazoadhibu haraka. Toa waya hasi wa betri, vua gurudumu la mbele kulia na plastiki ya ndani ya bawa, toa mikanda ya oltaneta na ya pampu ya stelingi. Weka jeki chini ya sampu (bakuli la oili) ikiwa na kipande cha mbao, kisha fungua injini maunti ya kulia, yaani kishikizo cha injini. Bolti ya puli ya kranki ni ya spana 19. Puli yenyewe ivutwe kwa pula (kifaa cha kuvutia puli) kwenye matundu yake yenye nyuzi za bolti. Ukiichokonoa kwa bisibisi pembeni utaharibu raba iliyo ndani yake.

Sehemu ya kwanza inayoadhibu ni alama. Mfereji wa puli ya kranki usimame kwenye 0 ya kava ya chini, na tundu dogo la puli ya kamshafti lielekeane na alama ya kifuniko cha beringi nyuma yake. Angalia ukiwa umenyooka nalo. Ukitazama kwa pembeni, jino moja linakupotea na hulioni.

Ya pili ni pampu. Ikija bila nyumba yake ya nyuma, utaifunga kwenye ile ya zamani, na uso wa nyumba hiyo usafishwe hadi chuma kionekane, bila kuukwangua kwa patasi. Oringi ya bomba la maji linaloingia nyuma ya pampu pia haimo kwenye boksi. Ukirudisha ya zamani itavuja, na maji yatashukia mkanda mpya. Bolti za pampu hukazwa kwa Nm 9 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya toki), ni rahisi kuzikata.

Ya tatu, na ndiyo inayorudisha magari gereji, ni kukaza. Mkanda huu hukazwa na spring, haukazwi kwa nguvu ya mkono wala kwa bisibisi ndefu. Funga puli ya kukazia ikiwa imesukumwa nyuma, vaa mkanda, kisha legeza bolti yake spring ivute yenyewe. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko 2 kamili, kwa mwelekeo wa saa, na uhakikishe alama zimerudi zilipokuwa. Kisha zungusha tena mzunguko 1 na sehemu 7 za 8, hadi mfereji ufike kwenye alama ya nyuzi 45 kabla ya 0, na hapo ndipo ukaze bolti ya puli kwa Nm 42. Anayekaza akiwa kwenye 0 anaacha mkanda na ulegevu usioonekana, kwa sababu spring za valvu wakati huo zinaisukuma kamshafti. Usirudishe kranki nyuma hata kidogo. Ukipita alama, zunguka upya. Kisahani kilicho mbele ya puli ndogo ya kranki kirudi na upande uliobonyea ukitazama nje, la sivyo kitaula ukingo wa mkanda. Bolti ya puli ya kranki ni Nm 108. Ukivua puli ya kamshafti kwa ajili ya sili, irudishe kwa Nm 54.

Maji ya radieta jaza taratibu, karibu lita 6, injini ikiwa baridi, na uache ipumue hewa kabla ya kufunga kifuniko. Kwa injini yenye distribyuta pima taimingi kwa taa: nyuzi 10 kabla ya 0, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na waya umeunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya uchunguzi. Ikiwa gari bado halina nguvu baada ya yote hayo, pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda. Silinda nzima hufika psi 178, chini ya 142 kuna tatizo lingine ambalo seti hii haikusababisha wala haitalitibu.

Kama mkanda wako ulikatika kwa sababu ya oili, weka sili zote tatu na oringi mezani kwanza, ndipo ufungue boksi la Gates.