Mrejesho wa mdomo au wa maandishi?

Mkuu wa shule ameingia darasani bila taarifa, amekaa nyuma dakika kumi, ametoka. Mwalimu anasubiri neno.

Kwa shule zetu za Dar, hasa kule Mbagala ambako madarasa yamefurika, nachagua mdomo, siku hiyohiyo. Mazungumzo humpa mwalimu nafasi ya kujieleza: pengine wanafunzi wa nyuma walinyamaza kwa kuwa hawaoni ubao, si kwamba somo limewashinda. Mkuu aanze na alichokiona: "Mwalimu, maswali yote yalijibiwa na walewale wa mbele. Tufanyeje?" Ila wawe wawili tu. Ukimkosoa mtu ofisi ya walimu, wenzake wakisikia, umemvunjia heshima, na hatasikia lingine lolote utakalosema. Mbele ya wanafunzi ndiyo kabisa, isitokee.

Maandishi hubaki, na muhula ujao mtaona kilichobadilika. Lakini karatasi yenye muhuri humtia mwalimu hofu ya ukaguzi, hata ikiwa ya kusifu. Mkuu akitaka kuandika, aandike baada ya kuongea, mistari miwili: jambo lililokwenda vizuri, na moja la kujaribu wiki ijayo. Nakala isiingie kwenye jalada la mwalimu.