Karume kwa mzazi mwenye binti: jinzi twende, vitopu tupite

Kwa mzazi anayetaka kumvalisha binti wa miaka 13 hadi 18 bila kufilisika na bila kununiana, soko la mitumba la Mchikichini pale Ilala, Karume kwa wenyewe, lina kitu kimoja kinachoyashinda maduka mengi ya Dar es Salaam: jinzi. Mashati ya kiume ya mikono mirefu, ambayo mabinti huyaacha wazi juu ya fulana, nayo yapo ya kutosha. Vitopu ni vya kubahatisha. Raba zinataka macho makali.

Jinzi inayotakiwa sasa ni pana tangu pajani hadi kwenye pindo, na mara nyingi ni ya kiume. Modo, ile ya kubana mpaka kwenye kifundo cha mguu, mabinti wengi wanaihesabu nguo ya wakubwa zao, ndiyo maana imejaa kwenye mafungu ya bei ya chini. Pembeni yake imerudi ile ya kiuno cha chini na kitopu kifupi. Mama aliyekuwa sista du mwaka 2003 hahitaji kuelezwa. Yeye ndiye aliyesemwa kwa nguo hiyohiyo.

Ugomvi mwingi wa nyumbani hushikilia kitopu, na hapo ndipo mzazi hupoteza hoja. Kinachoamua kama tumbo litaonekana ni kimo cha suruali, yaani urefu kutoka mshono wa katikati ya miguu hadi juu ya kiuno kwa mbele. Kikiwa inchi 11 au zaidi, suruali inafika kitovuni kwa mabinti wengi, na kitopu cha kawaida kinakutana nayo. Kikiwa inchi 7 au 8, hata fulana ya kawaida itaacha ngozi nje akiinua mkono kushika bomba kwenye daladala. Kwa hiyo nenda na futi kamba, pima hapo, na kubaliana naye juu ya kimo kabla hamjatoka nyumbani. Kitopu mwachie achague. Atakubali haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu jinzi pana ya kiuno cha juu nayo ni fasheni. Hata familia ambazo binti anavaa hijabu zimepata nafuu msimu huu: suruali pana na shati refu havibani popote.

Sehemu za kujaribia nguo ni chache, na wengi wanajaribu juu ya sketi waliyokuja nayo. Ile mbinu ya kufunga kifungo na kuzungusha kiuno cha suruali shingoni inafanya kazi kwa suruali ya kiuno cha juu peke yake. Ya kiuno cha chini inakaa kwenye nyonga, hivyo shingo itakudanganya. Njia ya uhakika ni kupima nyumbani suruali inayomkaa vizuri: upana wa kiuno, upana wa paja, kimo, na urefu wa ndani wa mguu. Andika namba nne hizo kwenye simu. Usiziamini lebo: 10 ya Uingereza ni 6 ya Marekani na 38 ya Ulaya, na jinzi iliyofuliwa kwa miaka imeshapoteza saizi yake. Za kiume huandikwa kwa inchi, W30 ikiwa kiuno na L32 urefu wa mguu, lakini hata hizo pima.

Ukishapata saizi, inua suruali juani na utazame mapajani kwa ndani. Mwanga ukipenya, itapasuka ndani ya muda mfupi, na kiraka hakidumu pale. Kisha soma lebo ya ndani. Pamba tupu inazeeka kwa heshima. Ikiwa na elastini, yaani uzi unaovutika kama mpira, hata asilimia 2, ivute pajani na uiachie: isiporudi, au ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza, mpira umekufa na magoti yatatoka vifuko siku ya kwanza. Zipu ifungue na kuifunga mara kadhaa. Zipu mbovu si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kushusha bei.

Jinzi ya kiume ikimpata nyonga, kiuno kitapwaya, na mafundi cherehani wapo hapohapo. Kupunguza inchi moja na nusu hadi mbili kwa nyuma ni kazi ya kawaida. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kugusana, na mshono wa pembeni unahamia nyuma. Mwambie fundi afumue pembeni, akikataa tafuta saizi nyingine. Pindo kata baada ya kuifua, siyo kabla, maana pamba hurudi. Na mwombe abakize pindo la asili kwa kulikata na kulishona tena juu kidogo, la sivyo suruali inatoka na mguu uliokatwa kama sare ya shule, na binti hataivaa.

Sasa majina. Wauzaji wa Karume wanauza kwa majina kama wanavyouza kwa bei: "Anti, hii ya kishua!", "Mtoto atatoka pisi kali!", na mzazi akisikia hivyo anakunja uso. Mengi hayana uzito anaoudhania. Mtoto wa kishua ni wa nyumba yenye uwezo, na wengi wanaoitwa hivyo wanaitwa kwa raba tu. Wa geti kali ni yule asiyeruhusiwa kutoka. Hilo ndilo linalomuuma binti, na halitibiki kwa nguo. Tomboi humwangukia anayevaa jinzi pana na raba, na mara nyingi halisemi chochote zaidi ya mavazi. Slay queen ndilo linalogombanisha: mzazi anasikia msichana anayelishwa na wanaume, wakati mabinti wakiambiana "umeslei" wanasema umependeza, basi. Pisi kali ni sifa ya uzuri, lakini angalia nani anaisema. Wenzake wakitaniana, pita. Muuzaji akimwambia binti wa miaka 14, hama meza, hata kama jinzi ni nzuri.

Na ubishi wa suruali ya kubana haujaanzia sebuleni kwenu. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali iliyosemwa inabana.

Bei: jinzi za kutandikwa chini huwa kati ya 2,000 na 5,000, zilizotundikwa na kupigwa pasi 10,000 hadi 25,000. Tofauti mara nyingi ni pasi na uchaguzi, kwa hiyo anza chini. Belo, yaani marobota ya mitumba, hufunguliwa asubuhi, na wa kwanza kuchagua hulipa zaidi. Wenye maduka ya Instagram wanakuwepo saa hizo wakitafuta nguo watakazokuuzia wewe mara tatu ya bei. Jioni bei inalegea ila kilichobaki ni saizi za pembeni, kubwa sana au ndogo sana. Ukitafuta W34 ya kiume ya kupunguzwa, jioni ndiyo yako. Nenda na noti ndogo na mkoba uwe mbele. Soko liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wakarudi, lakini usitegemee maelekezo ya zamani ya "yule wa jinzi pale kona".

Vitopu vya mitumba vimelegea mipira ya kiunoni na mikononi, na madoa ya kwapani hayatoki. Vipya vya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, vinashinda, hasa ukinunua vitatu kwa bei ya jumla. Raba ibonyeze soli kwa ukucha: ikimeng'enyuka au kuacha unga, imekaa stoo miaka mingi na itaachia barabarani hata kama juu inang'aa. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango (TBS) na bado zinatandikwa, nunua mpya.

Mkifika nyumbani, loweka jinzi peke yake kwenye maji yenye chumvi ili uone kama inachuja rangi, kisha ifue kwa maji ya moto, ianike juani ikiwa imegeuzwa ndani nje, na ipige pasi ya moto kwenye mishono. Harufu ya belo isipotoka, rudia na kikombe cha siki kwenye ndoo ya lita 10, halafu suuza mara mbili.